Kinyama Kikiota, Wembe Usubiri

Vinyama vingi vinavyoota kwenye ngozi havina neno. Haviendi ndani ya mwili, haviui, na vingine huondoka vyenyewe bila mtu kuvigusa. Kinachomfikisha mtu hospitali mara nyingi ni kile alichokifanyia kinyama chake nyumbani: wembe uliopitishwa kwenye moto wa kibiriti, uzi uliokazwa usiku kucha, maji ya betri, utomvu wa mnyaa, mafuta ya ganda la korosho yaliyopandishwa mlimani kutoka pwani. Huku Gare, na Usambara yote kuanzia Mlalo hadi Bumbuli, mtu anaweza kukaa na uvimbe miaka kumi bila wasiwasi, kisha siku ya gulio akakutana na mwenye kichupa, na jioni akarudi nyumbani na kidonda pale palipokuwa na uvimbe tu.

Sisemi haya kwa kudharau dawa za miti. Wasambaa wanaijua misitu yao, na wazee wanaojua mti gani unatuliza nini bado wapo. Lakini kitu kinachounguza hakijui mpaka. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Yakimaliza chunjua yanaendelea na nyama, na kwenye kidole nyama ni chache kabla hujafika kwenye kano. Utomvu wa mnyaa ukiruka jichoni unaweza kukuharibia macho. Halafu kuna hasara ambayo watu hawaifikirii: kinyama kilichounguzwa hakipimiki tena. Kama kilikuwa saratani, sehemu ya juu ambayo daktari angeitazama imeungua, na iliyo chini imebaki inaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, jifunze kutazama. Tuanze na nyayo, kwa kuwa huku milimani kila kitu hufanywa kwa miguu: kulima viazi kwenye mteremko, kushusha kabichi barabarani, kupandisha maji. Osha mguu, kaa mlangoni penye mwanga, ugeuze unyayo juu. Vitu vitatu hufanana hapo, navyo ni sugu, chunjua na funza.

Sugu ni ngozi iliyojikaza kwa kubanwa na kusuguliwa. Ukiitazama kwa karibu, mistari ile midogo ya ngozi ya unyayo inapita juu yake bila kukatika. Ukiibonyeza moja kwa moja kutoka juu, inauma. Chunjua ni tofauti. Mistari ya ngozi ikifika ukingoni mwake inasimama au inaizunguka, na ukiikwangua kidogo baada ya kuiloweka utaona vidoa vyeusi vidogo, kama pilipili manga iliyosagwa. Wengi huviita mizizi, na hapo ndipo sindano na wembe huanza kuchimba. Si mizizi. Ni damu iliyoganda ndani ya vimishipa vyembamba vilivyopanda juu kuilisha chunjua. Chunjua haina mzizi wowote. Inaishi kwenye tabaka la juu la ngozi, na anayechimba anajitafutia kovu la kudumu katika mguu anaoukanyagia. Njia nyingine ya kuitambua ni kuibana kutoka pembeni kwa vidole viwili: chunjua huuma zaidi ikibanwa pembeni kuliko ikibonyezwa. Funza naye hajifichi sana. Amekuja ndani ya siku chache, anawasha, na amejenga uvimbe mweupe wenye nukta moja nyeusi katikati. Huyo atolewe kwa pini safi, kidonda kioshwe, na kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho, hiyo ndiyo sababu ya kupita zahanati.

Chunjua huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo vina aina zaidi ya 100. Zile za mikononi na miguuni si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo mama mwenye chunjua kidoleni asikose usingizi kwa hilo. Huambukiza kwa ngozi kugusana, kwa sakafu yenye maji, kwa jiwe la kusugulia miguu linalotumiwa na nyumba nzima. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya chunjua hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili, mwili ukishavitambua virusi. Kwa hiyo mtoto mwenye chunjua mbili tatu mkononi zisizomuuma, kumwacha tu ni uamuzi wa busara kabisa.

Ukitaka kutibu, dawa yenye ushahidi mzuri ni asidi ya salisiliki, ile yenye nguvu ya asilimia 17 hadi 40 inayouzwa famasia. Hapa watu huchanganya mambo. Marhamu ya Whitfield, inayopatikana karibu kila duka la dawa muhimu, nayo ina asidi hiyo, lakini ni asilimia 3 tu, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya fangasi. Ukiipaka kwenye chunjua miezi sita utasema dawa za hospitali hazifai, kumbe dawa siyo. Namna ya kutumia ile kali ni hii: kila usiku loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi, sugua ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha au kipande cha msasa, paka Vaseline kwenye ngozi nzima inayozunguka ili isiungue, weka tone la dawa juu ya chunjua peke yake, kisha funika kwa plasta. Asubuhi toa. Ule msasa ni wa chunjua hiyo tu, haugusi kucha wala mguu wa mtu mwingine. Ikianza kuchubuka na kuuma sana, pumzika siku mbili, kisha rudi. Kazi hii inaweza kuchukua wiki 12, na wengi huacha wiki ya tatu wakati chunjua ndiyo kwanza imeanza kulegea. Usiitumie usoni wala sehemu za siri. Na mwenye kisukari, au mwenye mguu uliokufa ganzi kwa sababu yoyote, asiiguse kabisa. Kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kumgharimu mguu.

Kuna kitu cha nne cha kutafuta kwenye unyayo, na hiki ndicho kinachonifanya niseme kila mtu mzima ageuze nyayo zake walau mara moja kwa mwezi. Saratani ya chembe za rangi ya ngozi ni adimu kwa watu weusi, lakini ikitupata hupenda mahali penye rangi kidogo: nyayo, viganja, na chini ya kucha. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Mkulima wa Gare naye atadhani ni jembe au jiwe. Alama za kuangalia ni doa jeusi au la kahawia unyayoni linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa na rangi zaidi ya moja. Kinyama kinachotoa damu au majimaji bila kupona zaidi ya mwezi. Mstari mweusi kwenye ukucha unaopanuka au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi. Damu iliyovilia kwa kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, na mwishowe hukatwa pamoja na ukucha. Saratani haisogei. Inabaki palepale na kukua. Ukiona hivyo usisubiri msimu wa mavuno upite.

Tupande usoni. Vidoa vidogo vyeusi vilivyoinuka mashavuni na kandokando ya macho, vinavyoanza ujanani na kuongezeka kila muongo, ni vya kawaida sana kwa watu wenye asili ya Afrika, na mara nyingi hufuata ukoo: mtazame mama au shangazi yako. Aliyevieleza kitaalamu mwaka 1925 ni daktari Mwitaliano Aldo Castellani, yuleyule ambaye miaka zaidi ya ishirini kabla alikuwa Uganda akichunguza malale. Havigeuki saratani. Mtu akitaka viondolewe kwa ajili ya urembo, vinachomwa kwa umeme mdogo au kukatwa na mtaalamu, lakini ngozi nyeusi hulipiza: mahali palipochomwa panaweza kubaki doa jeupe au jeusi zaidi kwa miezi. Muulize mtaalamu akujaribie vidoa viwili vitatu mahali pasipoonekana sana kabla hajamaliza uso. Mkorogo hauviondoi hata kidogo. Unachubua ngozi inayovizunguka, ndipo vidoa vinazidi kuonekana.

Vijinyama laini vinavyoning'inia shingoni na kwapani havihitaji maneno mengi. Huja na umri, unene, ujauzito, na kusuguliwa na nguo. Vikikukera, vinakatwa zahanati kwa dakika chache. Ila vikiwa vingi, na shingo nayo imekuwa nyeusi na nzito, omba upimwe sukari siku hiyohiyo.

Kovu linaloota, ambalo madaktari huliita keloidi, ndilo linalonisumbua zaidi kwa sababu hutengenezwa na tiba. Kovu la kawaida hukaa ndani ya mipaka ya jeraha. Keloidi huvuka mipaka, linawasha, linachoma, na linakua miezi hata miaka baada ya jeraha kupona. Hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega na taya, na hufuata ukoo. Mtu akiwa nalo, jambo la kwanza linalomjia ni kulikata. Keloidi likikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, na linaporudi huwa kubwa kuliko lililokatwa, kwa kuwa kukata ni jeraha jipya. Tiba ya kuanzia ni sindano za triamsinoloni zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa, mpaka lilegee. La sikio linaweza kukatwa ikiwa sindano zitafuata na sikio likabanwa kwa hereni maalumu. Mwambie mapema anayekuhudumia kwamba kwenu kuna keloidi, kabla hajakukata uvimbe wowote mwilini. Na kwa mtoto wa kike wa ukoo huo, masikio yakitobolewa utotoni hatari huwa ndogo kuliko yakitobolewa baada ya kubalehe. Kutoyatoboa ni salama zaidi.

Vijana wa kiume nao wana lao: vinundu vigumu kisogoni, pale mashine ya kinyozi inapomalizia. Hutokana na nywele za kipilipili zilizokatwa chini kabisa zikarudi ndani ya ngozi. Watu hulaumu mashine chafu, na usafi ni muhimu, ila hata mashine safi inaleta tatizo hili ikikandamizwa mpaka ngozini. Mwambie kinyozi aache nywele milimita chache kisogoni, asirudie wembe, asikwangue mstari. Vikiwasha na kutoa usaha viwahiwe kwa dawa ya kupaka ya hospitali, kwani vikiachwa vinaungana kuwa kovu nene lisiloota nywele.

Sasa vilivyo chini ya ngozi. Uvimbe wa mafuta ni laini, hauumi, na ukiusukuma kwa kidole unateleza. Hukaa begani, mgongoni, mkononi, na unaweza kuongezeka polepole kwa miaka. Unaachwa, au unatolewa kwa sindano ya ganzi kama unabana au unakukera. Uliozidi sentimita 5, mgumu, uliojishika na nyama ya ndani, au ulioongezeka haraka ndani ya miezi, huo upimwe kwanza. Kifuko cha ngozi nacho hujulikana kwa tundu dogo jeusi juu yake, na ukikibana hutoa ute mzito mweupe wenye harufu. Usikibane. Ute utatoka, kifuko chenyewe kitabaki na kujaa tena, na kikipasukia ndani kitageuka kuwa jipu. Tiba yake ni kukitoa kifuko chote na ganda lake, wakati hakijavimba.

Usambara ina vivimbe vyake ambavyo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Mkoa wa Tanga kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa maeneo yenye usubi nchini, ugonjwa wa minyoo unaoweza kuharibu macho. Viluwiluwi vya nzi wanaoeneza ugonjwa huu katika milima yetu huishi wakiwa wamejishika kwenye miili ya kaa wa mitoni, katika maji yanayokwenda kasi. Minyoo wakubwa wa usubi hujikusanya chini ya ngozi wakatengeneza vinundu vigumu visivyouma, hasa juu ya mifupa ya nyonga, mbavuni na magotini. Mtu akiwa na vinundu hivyo pamoja na muwasho wa ngozi wa muda mrefu, asihangaike na wembe. Asimulie alikoishi na alikolima, aangaliwe macho, na dawa ya usubi inapogawiwa kijijini asiikwepe.

Halafu mitoki. Uvimbe wa kinenani au kwapani unaouma, uliokuja kwa siku moja mbili na homa kali, si kinyama cha ngozi hata kidogo. Kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 tauni ilirudi wilayani Lushoto tena na tena na maelfu ya watu wakaugua, na wazee wanakumbuka kilichotangulia: panya waliokufa ovyo, kisha mitoki. Mitoki mingi husababishwa na kidonda cha kawaida mguuni. Lakini mitoki yenye homa kali haikandwi na haichanjwi. Nenda kituoni leo hii, kwani tauni hutibika vizuri kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyaonea aibu, nayo hucheleweshwa. Masundosundo ya sehemu za siri yatibiwe na mhudumu wa afya, si kwa kichupa cha gulioni, na mwanamke mwenye nayo achunguzwe mlango wa kizazi pia. Chanjo ya virusi vya papiloma kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, hivyo binti asikose siku yake. La pili ni vipele vidogo vya duara, vinavyong'aa na vyenye kishimo katikati. Kwa mtoto ni jambo la kawaida na hupona vyenyewe kwa miezi kadhaa. Asishirikiane taulo na wenzake. Kwa mtu mzima, vikijaa usoni, apime VVU, na kipimo hicho kimewafungulia wengi njia ya matibabu mapema. Vinundu vya rangi ya zambarau au vyeusi miguuni au mdomoni navyo havisubiri, maana vinaweza kuwa saratani ya Kaposi.

Watu wawili sharti lolote la kusubiri haliwahusu. Wa kwanza ni mwenye ualbino: kigaga, kidonda au kinyama chochote kisichopona kwake kionwe na mtaalamu. Baridi na ukungu wa milima yetu hudanganya, kwa sababu mionzi ya jua hupita kwenye mawingu, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mionzi ni mikali kuliko pwani. Wa pili ni mwenye kovu la zamani la moto au kidonda ndugu. Nyama ikianza kuota juu ya kovu lililotulia miaka ishirini, inaweza kuwa saratani.

Safari ya tiba ianzie zahanati. Ukiwa na bima, barua ya rufaa ndiyo itakayokuokolea gharama. Ukiruka ngazi utalipa mfukoni. Kutoka hapo ni hospitali ya wilaya Lushoto au ya Bumbuli, kisha Bombo mjini Tanga. Mambo ya ngozi yenye utata yana mahali pake: pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, na maofisa tabibu waliosomea huko wamerudi kwenye hospitali nyingi za wilaya. Uliza kama yupo mmoja karibu nawe kabla hujashuka Mombo kupanda basi la Moshi. Wenye ualbino wapewe pia habari kwamba mafuta ya kujikinga na jua hutengenezwa hapohapo KCMC.

Kabla ya kwenda, piga picha ya kinyama kwa simu mchana, ukiweka sarafu ya shilingi mia kando yake, kisha piga nyingine baada ya mwezi. Daktari atapata zaidi kwenye picha hizo mbili kuliko kwenye maelezo yako ya "kimekua kidogo". Mwambie kilianza lini, nani mwingine ukooni anacho, na umeshakipaka nini, hata kama ni maji ya betri.

Na ukikatwa, usiondoke bila kuuliza kipande kimekwenda wapi. Kinyama chochote chenye shaka kiwekwe kwenye chupa ya formalini yenye jina lako, kipelekwe maabara, na majibu yana kawaida ya kukaa wiki kadhaa. Acha namba ya simu inayopatikana, chukua jina la aliyekukata na tarehe ya kurudi, na siku hiyo ikifika uende hata kama kidonda kimeshafunga.